Mama Greda na Mitambo ya Ranchi

Mama Greda hakuanza kwa kuuangalia mtambo. Aliugusa. Alipofika kwenye yadi aliomba injini izimwe kama imewashwa, akaupandisha mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko, kisha akaanza kupapasa chuma polepole, jinsi wanunuzi wa mnadani wanavyopapasa mgongo wa ng'ombe kutafuta jipu. Wauzaji walisimama kando wakitabasamu. Walikuwa wameupaka mtambo rangi mpya ya manjano juzi, na rangi mpya huwafumba wanunuzi wengi macho. Vidole vyake haikuvifumba.

"Hapa mlichomelea," alisema siku moja, akiwa amepiga magoti chini ya mkono wa ekskaveta, mtambo wa kuchimbia. "Na hapa. Na hii ingine mlichomelea mkiwa na haraka."

Muuzaji aliacha kutabasamu.

Pale Barabara ya Kirinyaga kila mtu alimwita Mama Greda, kwa kuwa alikuwa ameendesha greda la kusawazisha barabara miaka mingi. Mimi nilimkuta ameshastaafu. Alikodi meza moja na viti viwili ndani ya duka la vipuri nilimokuwa karani, duka la familia ya Kihindu iliyokuwa pale tangu zamani za babu zao. Kazi yake ilikuwa hiyo moja. Mwenye ranchi aliyetaka mtambo wa kuchimba silanga, yaani bwawa la kukinga maji ya mvua kwa ajili ya mifugo, au wa kung'oa vichaka, au wa kukata barabara za ndani, alimjia amwambie anunue upi. Kisha Mama alikwenda kuukagua kabla mtu hajautolea pesa. Alisema, nikaandika, akatia sahihi. Tulifanya hivyo miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakuniita kwa jina langu hata mara moja. Aliniita Karani.

Wateja wengi walikuja wakiwa wameshajichagulia. Namkumbuka mwanamume mmoja aliyerithi ranchi ya baba yake upande wa Laikipia. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akamwonyesha Mama picha ya buldoza kubwa kwenye simu.

"Nataka hii."

"Ya kufanya nini?"

"Kusafisha shamba, Mama. Vichaka vimejaa, ng'ombe hazina nyasi."

"Kusafisha ni ya vyombo. Sema unataka kung'oa."

"Sawa, kung'oa."

"Umeleta mchanga?"

Hakuwa ameleta. Mama akamrudisha. Wiki mbili baadaye alikuja tena, udongo ukiwa ndani ya karatasi ya mkate. Mama aliumwaga kwenye kiganja, akaunyunyizia chai kutoka kikombe chake, akajaribu kuuviringisha uwe kama uzi. Ulivunjika papo hapo.

"Hii ni mchanga nyepesi sana," alimwambia. "Ukipitisha hiyo mzigo hapo, itabeba vichaka, ibebe nyasi, ibebe na hiyo udongo ya juu yote. Mvua ikuje mara moja, imeenda. Utakuwa na shamba safi kweli. Safi kama sakafu."

Alimshauri akodi ekskaveta ndogo ya minyororo, ing'oe kichaka kimoja kimoja na kuacha mashimo yashike maji, na vile vidogo vikatwe kwa panga. Yule mwanamume alicheka. Alisema hakupanda ndege kutoka Nanyuki aje aambiwe mambo ya panga. Akaenda kununua buldoza lake kwingine.

Alirudi baada ya mvua za mwaka wa tatu. Alikuwa amekonda. Alitaka kujua kama Mama anamjua mtu wa kununua buldoza. Mimi nilingoja Mama amkumbushe, maana nilimjua alivyokuwa na ulimi mkali. Hakumkumbusha lolote. Alimwagizia chai na andazi, wakanywa kama watu wa matanga.

"Na ng'ombe?" Mama aliuliza mwishowe.

"Niliuza."

"Zote?"

"Zote."

Alipoondoka, Mama hakufanya kazi tena siku ile. Alikuwa na tabia hiyo ya kuomboleza mashamba ya watu, mashamba mengine ambayo hakuwahi hata kuyaona.

Swali lake la pili kwa kila mteja lilikuwa, "Nani ataiendesha?" Wengi hawakuwa wamelifikiria. Walijua mtambo una nguvu kiasi gani, unakunywa dizeli kiasi gani, utafikishwaje kule bila lori kuzama njiani, lakini yule atakayekalia kiti hawakumjua. Mama alikataa kukagua mtambo bila opareta kuwepo. Alimtaka apande, akae, akanyage, avute. Alimuuliza kama ana watoto, kama analala vizuri, kama aliwahi kupinduka. Nilidhani ni udaku wa uzee. Siku moja aliniambia kwamba alipokuwa barabarani, wanaume wa kikosi chao walikuwa wakimwagia kiti chake maji asubuhi, ashinde amelowa aonekane kama aliyejikojolea. Hakumshtaki yeyote. Alibeba mto wake kutoka nyumbani na kurudi nao kila jioni. "Hakuna mtu anafikiria mwenye kukaa hapo juu," alisema, na hilo tu ndilo alilowahi kunieleza kuhusu miaka ile.

Wauzaji wa mitambo hawakumpenda. Aliwakosesha kamisheni. Kikundi cha akina mama wenye hisa katika ranchi moja ya Kajiado kilikuja kimejipanga kununua ekskaveta, na akakaa nao tangu asubuhi hadi saa nane akiwaeleza kwa nini wasiinunue. Udongo wao ulikuwa ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa masika. Walihitaji mtambo wa minyororo mipana kwa siku ishirini tu, wachimbe silanga mbili kisha wasiuhitaji tena kwa miaka. "Kodisheni," aliwaambia. "Mashine ikikaa bure inakula kuliko ng'ombe." Mwenyekiti wao alitoka akiwa hana furaha, maana alikuwa ameshawaahidi wanachama sherehe ya kuupokea mtambo.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliishi Dagoretti, karibu na machinjio, na hakula nyama. "Nichimbie ng'ombe maji halafu nimkule?" alisema. Lakini Jumamosi alipita buchani kununulia wajukuu wake mbavu, na mjukuu aliyeacha mnofu kwenye mfupa alijuta. Kanisani alikuwa amegombana na kwaya nzima, akawa anaimba peke yake kwenye benchi la nyuma, kwa sauti, makusudi kabisa. Alidharau watu waoga, na yeye mwenyewe, aliyekuwa amekata barabara kwenye kingo za Bonde la Ufa, aliogopa kuvuka barabara mjini. Kila jioni nilimshika mkono kumvusha hadi stendi, na alinibana vidole hadi vikauma.

Nilichelewa kuelewa hofu ile. Siku moja alisimama mbele ya kaunta na kumsalimia mdosi wangu, tajiri mwenye duka, kwa adabu kubwa. Mdosi hakuwepo. Lilikuwa koti lake limetundikwa.

Nilimshika kiwiko, nikamrudisha mezani. Akajua kwamba nimejua.

"Ni ugonjwa ya ndani ya jicho," aliniambia tukiwa tumebaki wawili. "Daktari anasema itaendelea tu. Naona kando, katikati ni ukungu. Karani, hii kitu isitoke hapa. Nani ataleta mashine ikaguliwe na kipofu?"

"Haitatoka, Mama."

Na haikutoka. Tangu siku hiyo nilimsomea kila kitu. Barua, vitabu vya mitambo, namba zilizogongwa kwenye injini. Ukaguzi wake haukupungua. Nadhani uliongezeka, maana alisikiliza zaidi na kunusa mafuta zaidi. Tukimaliza nilichapa ripoti, nikamsomea mstari kwa mstari, akasahihisha, kisha nikaiweka kalamu kwenye vidole vyake na kidole chake mahali pa sahihi. Alisema mimi ndiye macho yake. Alilisema waziwazi, jambo lisilokuwa la kawaida yake, na nilifurahi kulisikia.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Alikuja mteja kutoka Karen, mtu mpole, mwenye ranchi kubwa kusini mwa jiji. Alitaka kuchimba silanga kabla ya mvua, na safari hii Mama alikubali kwamba buldoza lafaa, kwa kuwa udongo ulikuwa mzito, na ukingo ungehitaji kushindiliwa kwa uzito. Tulikwenda kwenye yadi moja ya mitambo kuukuu kwenye Barabara ya Ngong. Opareta wake alikuwepo, kijana aitwaye Mutiso, mkazi wa Kawangware, mtulivu. Mama alimuuliza kama ana watoto. Akajibu wawili. Akapanda, akaliendesha mbele na nyuma, akalikata kulia, akalikata kushoto. Mama alisimama karibu nalo kuliko nilivyopenda, kichwa ameinamisha, anasikiliza.

"Tena kushoto," alisema. "Tena."

Jioni alinitajia ripoti kwa mdomo kama kawaida, nami nikaandika. Injini nzuri. Pini za minyororo zimelika nusu. Mafuta ya haidroli safi. Kipengele cha saba kilisema hivi: breki ya upande wa kushoto haishiki, mtambo usipandishwe ukingo wa silanga wala mteremko wowote mpaka breki zote mbili zifunguliwe na kutengenezwa.

Nikaichapa, ingoje sahihi.

Kesho yake Mama hakuja kazini. Ilikuwa siku ya kliniki ya macho. Yule bwana wa Karen alikuja. Alinipeleka hotelini ng'ambo ya barabara, akaniagizia chai, akaniita ndugu yangu.

"Benki wakiona hiyo namba saba, hawatoi mkopo," alisema. "Breki nitatengeneza, hiyo ni kazi ya siku mbili. Mimi siwezi kumweka mtu kwa hatari. Toa tu hiyo moja."

"Ripoti ni ya Mama. Mimi naandika tu."

"Wewe unaandika tu? Miaka yote hii?" Alinitazama kwa namna ambayo hakuna mteja aliyewahi kunitazama. "Kila mtu anajua nani anafanya hii kazi. Yule mama ana jina. Kichwa ni wewe."

Hakunipa hongo. Ningependa kusema alinipa; ingekuwa rahisi kueleza. Alinipa yale maneno tu, na nilirudi dukani nimeyabeba kama zawadi, nikakaa, nikachapa ripoti upya. Kipengele cha nane nikakiita cha saba.

Asubuhi iliyofuata nilimsomea Mama ile karatasi ya kwanza. Nilisoma yote, na breki nikaisoma. Akasema sawa. Kisha nikamwekea karatasi ya pili, nikakishika kidole chake.

"Hapa, Mama."

Akatia sahihi.

Mutiso alikufa wiki tano baadaye. Mvua zilikuwa zinakaribia, na yule bwana alitaka silanga iwe tayari, breki hakuigusa. Buldoza lilikuwa juu ya ukingo, likakatwa kushoto, likaendelea kuteleza. Lilishuka naye hadi chini.

Watu wa bima walikuja dukani wawili, wamevaa suti, wana nakala ya ripoti. Walimsomea Mama. Alisikiliza hadi mwisho, akangoja kama mtu anayejua kuna zaidi.

"Na breki?" aliuliza.

"Hakuna mahali umetaja breki, Mama."

"Nilitaja."

"Sahihi ni yako?"

Walimwekea karatasi mbele. Aliiinamia, akaisogeza hadi ikagusa pua, na wale watu wakatazamana. Kisha akageuka upande niliokuwa.

"Karani. Nilisema, au sikusema?"

Nilikuwa na nafasi. Mdosi wangu aliacha kuhesabu boliti. Nikasema, "Sikumbuki vizuri, Mama."

Akatikisa kichwa polepole. Hakubishana tena. Jioni, nikimvusha barabara, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Unafikiria ni uzee?"

"Labda umechoka," nikasema.

Jumapili aliomba nimpeleke Kawangware kwa mke wa Mutiso. Nilimpeleka. Tulikuta watu wa matanga, viti vya plastiki, sufuria kubwa ya chai. Mama Greda, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu yeyote msamaha, alisimama mbele ya yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema, "Mama, mimi ndiye nilikagua hiyo mashine. Breki ilikuwa mbaya na nilijua. Nilisahau kusema. Kichwa yangu imezeeka na sikujua imezeeka."

Yule mjane alimtazama. "Kusahau ni kwa watu wote," alisema, kisha akalia, na Mama akalia, na mimi nilikuwa nimesimama hapo kando nimemshika Mama mkono.

Hakurudi tena Barabara ya Kirinyaga. Alimpigia mdosi wangu simu kwamba meza ipewe mtu mwingine. Wateja waliendelea kuja kwa miezi kadhaa, wengine na udongo wao kwenye mifuko, nami nikawaambia amestaafu.

Miaka minne ikapita. Sikumtembelea. Julai iliyopita, nilikuwa nimeenda sokoni Dagoretti, nikakutana na binti yake akinunua viazi. Nilimuuliza hali ya Mama nikitegemea lile jibu la kawaida, kwamba anaendelea.

"Mwili uko sawa," alisema. "Lakini hataki kugusa kazi yoyote. Hawezi washa jiko, anasema atasahau atuchome. Mtoto hataki kushika. Akikula ananiuliza kama amekula. Nimempeleka hospitali mara mbili, daktari akamuuliza maswali yote, akasema huyu mama hana shida ya kusahau. Yeye anasema daktari anamficha." Akavuta leso. "Si kawaida yake. Wewe ulimjua. Si kawaida yake kabisa."

Nilimbebea mfuko wa viazi hadi nyumbani kwao. Mvua ndogo ya Julai ilikuwa ikinyesha, ile isiyoisha. Mama alikuwa ameketi chumbani karibu na dirisha, ameshikanisha mikono mapajani, kama mgeni katika nyumba yake.

"Ni Karani," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Ni mimi, Mama."

"Karibu kiti. Kama kuna kiti."

Kilikuwepo, lakini sikukaa. Nilijua nikikaa tutaanza kuulizana habari za duka na sitasema. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuhusu chai ya hotelini, karatasi ya kwanza na karatasi ya pili, na kidole chake nilichokishika. Nikamwambia kwamba alisema. Alisema breki, nami niliiandika, nami nikaitoa.

Hakusogea. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati hadi kwenye pipa nje. Kisha akaanza kuzungumza, taratibu, na ilinichukua muda kutambua anachokisema. Injini nzuri. Pini za minyororo zimelika nusu. Mafuta ya haidroli safi. Aliisoma ripoti nzima kutoka kichwani, neno kwa neno, na alipofika kipengele cha saba alikisema chote, breki, ukingo, mteremko, hadi nukta.

"Ni hivyo?" aliuliza.

"Ni hivyo, Mama."

"Kumbe kichwa yangu iko sawa." Alilisema bila hasira, kwa mshangao, akigusa paji la uso kwa vidole vile vilivyojua chuma. "Miaka minne, Karani. Kumbe iko sawa."

Nilisema nisamehe. Alimwita binti yake, ambaye alikuja akipangusa mikono.

"Rudia," Mama aliniambia. "Huyu ndiye amenibeba hiyo miaka. Rudia yote asikie."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu binti yake alinitazama usoni nilipokuwa nikisema. Nilipomaliza, Mama akauliza, "Na mke wa Mutiso umemwambia?"

"Bado."

"Mimi nilimwomba msamaha na wewe umesimama hapo."

"Ndiyo, Mama."

"Enda leo."

Binti yake alinifuata hadi langoni. "Usiwahi rudi hapa," alisema. "Unanisikia? Hata tukizika mtu, usikuje." Angesema zaidi, lakini sauti ya Mama ilitoka dirishani.

"Mwache. Ako na mahali anaenda."

Nilifika Kawangware saa kumi na nusu, nimelowa. Mjane wa Mutiso alikuwa bado anaishi kwenye ploti ileile, chumba kile kile. Yule mtoto wa mgongoni alikuwa sasa msichana wa shule, anafanya kazi ya nyumbani sakafuni. Mama yake alinitambua. Alitabasamu hata. "Si wewe ndiye ulikuwa unamshikilia yule mama? Ingia, mvua inakunyeshea."

Nilibaki mlangoni nikamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono mmoja kwenye kitasa. Niliponyamaza alimtazama mtoto wake, kisha akanitazama mimi.

"Na yule mama anajua?"

"Anajua."

"Amejua lini?"

"Leo mchana."

"Leo," alisema. Akafunga mlango taratibu.